Karatasi za Admirali na Manowari ya Bomba Tatu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefanya kazi ya masijala na utunzaji wa nyaraka hapa Dar es Salaam miaka mingi. Tangu nistaafu, wanafunzi, waandishi wa habari na wazee wenzangu wa barazani wananijia na maswali yaleyale kuhusu Admirali Herbert King-Hall, mtu aliyeongoza manowari za Uingereza kwenye pwani yetu mwanzoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu, ili anayehitaji asome kwa nafasi yake. Pale jibu lilipokuwa refu nimeliacha liwe refu.

Huyu King-Hall ni nani, na sisi wa Dar es Salaam anatuhusu nini?

Alizaliwa 1862 katika nyumba ya wanamaji. Baba yake, William, alikuwa admirali. Kaka yake, George, alikuwa admirali. Mtoto wa George, Stephen, naye alianzia baharini kabla ya kuwa mwandishi na mbunge. Herbert aliingia jeshi la majini akiwa kijana mdogo, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Mwaka 1908 alikuwa nahodha wa manowari Indomitable, iliyompeleka mrithi wa kiti cha Uingereza hadi Kanada kwa sherehe za miaka 300 ya mji wa Quebec.

Mwaka 1912 akapewa Kituo cha Rasi, yaani kamandi ya manowari za Uingereza yenye makao yake Simon's Town, Afrika Kusini. Eneo la kituo hicho lilipanda na pwani hadi huku kwetu. Kwa hiyo vita vilipoanza Agosti 1914, bandari ya Dar es Salaam, Zanzibar, Mafia na milango ya mto Rufiji vyote viliangukia mikononi mwake. Amri iliyoleta mizinga mbele ya Dar es Salaam ilipitia ofisi yake. Ndiyo maana nasema karatasi za mtu huyu ni karatasi zetu pia, ingawa zimehifadhiwa mbali na sisi.

Manowari ya bomba tatu ndiyo ipi?

Ni Königsberg, ya Wajerumani. Ilitia nanga hapa Juni 1914, ikiwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5 na bomba tatu za kutolea moshi. Watu wa mji wakaipa jina lao wenyewe: manowari na bomba tatu. Mji ulikuwa ukijiandaa kwa maonyesho makubwa ya Agosti mwaka huo, reli ya kati ikiwa imeshafika Kigoma, na meli ile ilikuwa sehemu ya fahari hiyo. Hakuna aliyepata kuona maonyesho.

Napenda wanafunzi waanze na jina hili. Mhudumu wa maktaba ya London hawezi kukutolea jalada kwa jina la "bomba tatu". Jina hilo lilikaa vinywani mwa watu wa hapa, na bila hilo hujui kwamba wenyeji nao walikuwa wamesimama ufukweni wakihesabu.

"Karatasi za admirali" maana yake nini? Si ripoti za serikali tu?

La. Hapa ndipo wengi hupotea, basi tulia kidogo.

Mtu wa cheo kile anaacha mafungu matatu ya maandishi. La kwanza ni la serikali: amri, simu za upepo (za redio), ripoti kwa wakubwa, na daftari la safari la kila meli iliyokuwa chini yake. Hayo si mali yake. Alipoondoka ofisini aliyaacha mezani.

La pili ni lake mwenyewe: barua kwa mke na ndugu, shajara, picha, kadi za mwaliko, risiti, nakala ya barua aliyoiandika kwa hasira kisha hakuituma. Familia ya King-Hall ilikuwa na desturi ya kuandika shajara tangu kwa babu, na miaka ya 1930 shajara za vizazi vinne vya ukoo huo zilichapishwa. Kaka yake George alikuwa mwandishi wa shajara mwenye bidii kweli.

Fungu la tatu ni yale aliyoyaandika akiwa mstaafu, akijua yatasomwa na watu. Herbert alichapisha kumbukumbu zake 1926, miaka kumi kabla ya kufariki.

Mafungu haya hayazungumzi kwa sauti moja. Ripoti ya serikali imeandikwa ili mwandishi asilaumiwe. Barua ya nyumbani imeandikwa ili mke asiogope. Kitabu cha uzeeni kimeandikwa ili wajukuu wajivune. Ukisoma fungu moja tu, umemsikia mtu akiongea na mtu mmoja tu. Yaweke mezani yote kwa tarehe ileile, ndipo utaanza kumfahamu.

Cheo chake hasa kilikuwa kipi? Nimeona vyeo tofauti.

Vyote ni sahihi kwa wakati wake. Ngazi huanza na rea admirali, kisha vaisi admirali, kisha admirali kamili. Alikuja Rasi akiwa rea admirali, na kufikia 1915 anajitia sahihi kama vaisi admirali. Ukikuta karatasi isiyo na tarehe, cheo kilichoandikwa kinakusaidia kuikadiria. Ni hila ndogo ya kazi yetu, lakini imeniokoa mara nyingi.

Nikitaka kuzisoma nikiwa Dar es Salaam, naanzia wapi?

Anza na ya bure. Taarifa yake rasmi kuhusu kuangamizwa kwa Königsberg ilichapishwa katika London Gazette, Desemba 1915, na matoleo ya zamani ya gazeti hilo yako kwenye intaneti bila malipo. Ni fupi, na Kiingereza chake ni cha moja kwa moja.

Baada ya hapo nenda kwenye orodha ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London. Karatasi za jeshi la majini zina herufi ADM, zikifuatwa na namba. ADM 53 ni madaftari ya safari ya manowari. ADM 137 ni mafaili ya Vita vya Kwanza yaliyokusanywa kwa ajili ya kuandika historia rasmi. ADM 196 ni kumbukumbu za utumishi za maofisa. Kutafuta katika orodha hakulipiwi, nakala hulipiwa. Usikimbilie kuagiza faili zima. Kwanza jua tarehe unayoitaka na jina la meli, la sivyo utalipia kurasa za mahesabu ya makaa ya mawe.

Madaftari mengi ya safari ya miaka ile yamekwishanukuliwa na watu wa kujitolea kupitia mradi wa Old Weather, ulioanza 2010 kwa nia ya kupata takwimu za hali ya hewa. Waliandika upepo, joto na kanieneo ya hewa, lakini njiani wakanukuu pia matukio ya kila siku. Mwanafunzi mwenye simu na kifurushi cha kawaida anaweza kusoma manowari ilitia nanga wapi siku fulani na upepo ulivuma kutoka upande gani.

Karatasi za maofisa wengine wa majini ziko Greenwich, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Bahari, na nyingine kwenye Makumbusho ya Vita ya Kifalme. Zote mbili ziko London na zina orodha mtandaoni.

Tahajia zinanipa tabu. Natafuta "Rufiji" sipati kitu.

Andika "Rufigi". Maofisa wengi wa Kiingereza waliuandika hivyo. Jaribu "Dar-es-Salaam" na vistari vyake. Kisiwa cha Nyororo utakikuta kama "Niororo", na Kikunja, mmoja wa milango ya Rufiji, utauona pia kama "Kikunya". Waliandika walivyosikia, na aliyekuwa akisikia wakati mwingine alikuwa mtu wa Devon, Uingereza, akimuuliza mvuvi wa Mafia kupitia mkalimani. Tengeneza karatasi yako ya majina: upande mmoja jina tulitumialo, upande wa pili kila tahajia unayokutana nayo. Itakufaa kuliko kamusi.

Ni kweli King-Hall aliiona Königsberg ikiondoka Dar es Salaam akashindwa kuifuata?

Ni kweli. Tarehe 31 Julai 1914 ilitoka bandarini, na meli zake tatu, Hyacinth, Astraea na Pegasus, zilikuwa nje zikiinyemelea. Vita vilikuwa bado havijatangazwa, kwa hiyo hapakuwa na ruhusa ya kufyatua. Meli zake zilikuwa kuukuu, ile nyingine ina mbio. Usiku ukaingia, ikapotea.

Baada ya wiki moja ilikamata meli ya mizigo ya Kiingereza, City of Winchester, karibu na Oman. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, ikaingia Zanzibar na kuikuta Pegasus imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Pegasus ikazama, na zaidi ya mabaharia 30 wakafa. Hizo zilikuwa meli na watu wa King-Hall.

Unaposoma barua za mtu aliyepatwa na jambo kama hilo, msome kwa subira. Kuna sentensi fupi sana ambazo nyuma yake pana usiku mzima bila usingizi.

Kwa nini ilijificha Rufiji na isirudi hapa bandarini?

Bandari yetu ilikuwa mtego. Mlango wake ni mwembamba, na Wajerumani wenyewe walikuwa wameuzibia kwa kuzamisha gati la kuelea mwezi Agosti. Isitoshe, wakati inarudi kutoka Zanzibar mtambo wake mmoja ulivunjika. Ikaingia deltani, ikajisogeza karibu na Salale, ikakata miti na kujifunika. Kipande cha mtambo kikaburutwa nchi kavu hadi karakana ya reli ya Dar es Salaam, kikatengenezwa, kikaburutwa kurudi. Walioburuta ni watu wetu, mamia yao, kwa mikono.

Eleza basi habari ya Rufiji. Ilichukua muda mrefu kiasi gani?

Manowari Chatham iliigundua tarehe 30 Oktoba 1914. Königsberg iliangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Zaidi ya miezi minane, taifa lenye jeshi kubwa kuliko yote la majini lilisimama nje ya mikoko likiangalia ndani.

Yeyote aliyewahi kupanda mashua kutoka Nyamisati anajua sababu. Delta ile haina mlango mmoja. Kuna Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni, Msala, na kati yake vijito visivyo na idadi. Tope hubadilisha mahali pake. Panapopitika wakati wa bamvua, wakati wa maji mafu hupiti hata na mtumbwi uliobeba boriti. Manowari kubwa za Waingereza zilihitaji kina ambacho mto haukuwa nacho. Novemba 1914 walizamisha meli kuukuu, Newbridge, kwenye mkondo wa Suninga ili kuzuia njia ya kutokea. Milango mingine ikabaki.

Admirali akahitaji vitu vitatu, na namna alivyovipata ndiyo sehemu ya kazi yake inayostahili kusomwa zaidi.

Kwanza, jicho la juu. Walimkodi rubani raia kutoka Durban, Cutler, akaja na ndege ndogo ya kutua majini, akawa anaruka kutoka Nyororo. Baadaye, Mafia ilipokwisha kutekwa Januari 1915, wakasafisha uwanja kisiwani.

Pili, mtu wa kupima maji. Wakampata mwindaji wa tembo, Pretorius, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akiijua nchi ile. Alivuka kwenda na kurudi deltani usiku akiwa na wenyeji, akitafuta meli ilipo, akitia bildi mikondoni, akihesabu saa za maji kujaa na kupwa. Jina la Pretorius limeandikwa kila mahali. Majina ya waliopiga kasia wakamwonyesha mkondo hayakupewa nafasi hiyo.

Tatu, meli isiyohitaji maji mengi. Severn na Mersey zilijengwa Uingereza kwa ajili ya Brazil, kwa kazi za mtoni, tumbo lake bapa. Zilivutwa kwa kamba kutoka Malta hadi Mafia, zikafika Juni 1915. Tarehe 6 Julai ziliingia Kikunja maji yakijaa, zikafyatua mamia ya mabomu, Mersey ikapigwa, wakatoka bila kumaliza kazi. Tarehe 11 wakarudi. Safari hii ndege ilikuwa juu ikiwaambia bomu limeanguka wapi. Ndege ikapigwa. Ilipokuwa ikishuka kuangukia mtoni, mrushaji wa simu ya upepo, Arnold, aliendelea kutuma masahihisho. Yeye na rubani, Cull, waliokolewa, na King-Hall aliwasifu wote wawili katika taarifa yake.

Kwa hiyo ukiulizwa admirali alishinda kwa nini, jibu ni maji kujaa na kupwa. Alingoja mpaka akapata watu wanaoujua mto, na vyombo vinavyokubali masharti ya mto.

Alikosea wapi?

Mfano ulio wazi ni wa Manza, kaskazini ya Tanga, Aprili 14, 1915. Meli ya mizigo ya Kijerumani, Rubens, ilikuja ikijifanya ya Kidenmaki, imebeba silaha, risasi, na makaa kwa ajili ya Königsberg. King-Hall mwenyewe alikuwa ndani ya Hyacinth akiifukuza. Mtambo mmoja wa Hyacinth ukaharibika katikati ya mbio. Rubens ikajitosa ndani ya ghuba, ikapigwa ikawaka moto, Waingereza wakaondoka wakiamini mzigo umeteketea. Haukuteketea. Wajerumani waliopoa silaha na risasi nyingi, wakaanika risasi zilizolowa, na vita vya nchi kavu vikapata pumzi mpya. Walioubeba mzigo huo kwa vichwa kuingia bara walikuwa Waafrika.

Naomba mfano wa karatasi zinazogongana.

Uko hapahapa mjini. Mwezi Agosti 1914 nahodha wa Astraea alifikia mapatano na wakubwa wa Dar es Salaam kwamba mji usishiriki vita. Serikali ya London haikuyathibitisha. Tarehe 28 Novemba 1914 manowari za Uingereza Goliath na Fox zikafika, mashua zikaingia bandarini kukagua meli za Kijerumani zilizokuwa ndani, König, Feldmarschall na Tabora. Mabaharia wakaharibu mitambo. Walipokuwa wakitoka wakamiminiwa risasi kutoka ufukweni. Kamanda Henry Peel Ritchie alijeruhiwa mara 8 akiwa kwenye usukani, akapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza. Goliath ikaupiga mji mabomu.

Maandishi ya Waingereza yanalalamika kwamba walipigwa huku bendera nyeupe zikipepea. Maandishi ya Wajerumani yanasema kilichoruhusiwa ni ukaguzi, na kuvunja mitambo ni tendo la vita. Kila upande una karatasi zake, zenye sahihi na mihuri. Mimi naona mzizi wa ugomvi uko kwenye mapatano yale ya Agosti, ambayo upande mmoja uliyachukulia kuwa hai na mwingine kuwa yamekufa. Lakini soma mwenyewe. Na ukishasoma, jiulize swali ambalo hakuna upande ulioliandika: mabomu yaliangukia nyumba za nani?

Na karatasi za upande wa Wajerumani ziko wapi?

Nahodha wa Königsberg, Max Looff, alijeruhiwa vitani Rufiji, akapona, akaendelea kupigana nchi kavu, na alimaliza na cheo cha vaisi admirali. Kwa hiyo vita vile vina maadmirali wawili. Nyaraka za jeshi la majini la Ujerumani ziko Freiburg, kwenye tawi la kijeshi la Hifadhi ya Shirikisho.

Za utawala wa kiraia, hata hivyo, ziko hapa. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, jengo la Upanga, inatunza mafaili ya serikali ya Kijerumani, na mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha yake ya Kumbukumbu za Dunia. Watu hupita Upanga kila siku bila kujua kuna hazina hiyo. Mwanafunzi nenda na barua ya chuo chako, mtafiti andaa kibali cha utafiti. Jitayarishe kwa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, ambao hata Mjerumani wa leo huukodolea macho.

Je, watu wetu wanatajwa katika karatasi hizi?

Wanatajwa kwa hesabu, mara chache kwa majina. "Wapagazi", "wenyeji", "mabaharia wa kienyeji". Hili linaniuma, nami silifichi. Lakini mtu mwenye jicho atawakuta. Watafute kwenye hesabu za malipo, kwenye orodha za wagonjwa, kwenye mgao wa mchele, kwenye picha ambazo maelezo yake yanamtaja mzungu aliyesimama katikati tu. Daftari la safari linaweza kuandika kwamba rubani wa mtoni alipanda saa fulani na kushuka saa fulani. Huyo alikuwa mtu.

Kisha utoke nje ya karatasi. Kariakoo ni jina la kikosi cha wapagazi lililogeuzwa kwa ulimi wetu, na lilibaki pale walipopiga kambi baada ya Waingereza kuuteka mji tarehe 4 Septemba 1916. Soko lile kubwa limebeba jina la watu ambao mafaili hayakuwaandika mmoja mmoja.

Hapa mjini naweza kuona nini kwa macho?

Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927, ina maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Soma yote matatu. Ikulu: jumba la gavana wa Kijerumani liliharibiwa kwa mizinga ya manowari, Waingereza wakalijenga upya. Makaburi ya vita, Barabara ya Bagamoyo. Kisha simama Kivukoni jioni, utazame mlango wa bandari ulivyo mwembamba, na utaelewa kwa nini pantoni ya Kigamboni na meli kubwa hupeana njia kwa adabu.

Mizinga kumi ya Königsberg iliopolewa mtoni, ikaletwa hapa Dar es Salaam, ikatengenezewa magurudumu, ikaenda kupigana bara. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine uko Pretoria. Hapa ulipotengenezewa magurudumu hakuna hata kibao.

Kuna maadmirali wengine ambao karatasi zao zinatuhusu?

Wapo. William Owen alipima pwani yote ya Afrika Mashariki kati ya 1822 na 1826 akiwa na meli Leven na Barracouta, akipoteza watu wengi kwa homa. Alikufa 1857 akiwa vaisi admirali. Harry Rawson aliipiga Zanzibar tarehe 27 Agosti 1896 kwa muda usiotimia saa moja. Sayyid Khalid bin Barghash akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, akaletwa Dar es Salaam kwa manowari ya Kijerumani, akaishi hapa hadi Waingereza walipomkamata 1916. Yeye alifia Mombasa, 1927. Na King-Hall alipoondoka kituoni, nafasi yake ilichukuliwa na Edward Charlton. Ndiye aliyekuwa admirali wakati mji huu ulipotekwa.

Baba alikuwa mwanamaji wetu, Kigamboni. Amefariki, ameacha sanduku la bati. Tufanye nini?

Pole sana kwa msiba. Swali hili ndilo linalonifanya niandike ukurasa wote huu, kwa sababu nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja nikakuta tumechelewa siku mbili. Shajara za mzee, za miaka zaidi ya 20, zilikuwa zimewashia jiko wakati wa matanga. Hakuna aliyekusudia ubaya. Watu walikuwa wengi, chai ilihitajika, na karatasi zilionekana ni takataka.

Kwa hiyo la kwanza: msichome na msigawane kitu kabla ya arobaini. Sanduku lifungwe, ufunguo apewe mtu mmoja.

La pili: msipange upya. Barua ikikaa ndani ya Kurani, Biblia au kitabu cha mahesabu, iacheni hapo mpaka mpige picha. Mzee aliiweka hapo kwa sababu yake, na mpangilio wake ni habari.

La tatu ni joto na unyevu wa mji huu. Msitie karatasi kwenye mfuko wa nailoni, zitavunda. Msizifanyie lamineti, msibandike selotepu. Ondoeni pini na klipu zilizoshika kutu, taratibu. Bahasha za karatasi, boksi safi, rafu iliyoinuliwa sakafuni mbali na ukuta wenye mchwa. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli laini, si kalamu ya wino, majina ya waliosimama. Fanyeni sasa, mama na shangazi wakiwa hai, maana baada yao nyuso zile hazina majina.

La nne: karatasi za kazi. Mkikuta hati yenye muhuri wa siri, msiipige picha wala kuisambaza kwenye makundi ya simu. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haina mchezo. Irudisheni kwa utaratibu kupitia kikosi alichotumikia. Vyeti, barua za kupandishwa cheo, medali, picha za kozi na barua za nyumbani ni vyenu.

La tano: mkiwa tayari, zungumzeni na Idara ya Nyaraka au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kukabidhi si kutupa. Mnaweza kukubaliana kwa maandishi nani asome, na baada ya miaka mingapi.

Sisi si familia ya mkubwa. Mzee alikuwa fundi mitambo tu melini. Nani atasoma?

Atakayetaka kujua meli ilivyokuwa kule chini, kwenye joto. Admirali hakuwahi kukaa huko. Niletee sanduku, au nipigie nije.